Kusi Ilipovuma Polepole

NENO LA PADRE

(Someni: Matendo ya Mitume 27:1 hadi 28:10)

Wapendwa katika Kristo,

Kabla hamjaendelea na barua hii, chukueni Biblia zenu mkaisome sura ya 27 ya Matendo ya Mitume yote, na mwanzo wa sura ya 28. Najua ni ndefu. Najua pia kwamba wengi wetu huiruka, maana imejaa majina ya bandari na ya pepo, wala haina mfano mzuri wa kukumbuka. Lakini sisi ni watu wa kisiwa. Kama wako Wakristo wapasao kuielewa sura ile bila mwalimu, ndio sisi. Luka aliyeiandika alikuwamo chomboni, naye asimulia kama mtu aliyeloa maji. Msomee nahodha ye yote wa jahazi, hata asiye Mkristo, naye atakuonyesha mara moja pale walipokosea.

Nami leo nataka kuwaonyesha pale nilipokosea mimi.

Mnakikumbuka kimbunga Hidaya cha mwezi wa Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia mapema, redioni na kwenye simu. Boti za kwenda Dar es Salaam zilisimamishwa. Siku ya Ijumaa, tarehe 3, mzee mmoja wa mtaa wetu, mvuvi wa miaka mingi, alinijia nyumbani. Tuliamkiana, nikamkaribisha chai, akakataa. Alitaka ufunguo wa ukumbi wa kanisa, ili watu wakaao kule bondeni, wenye nyumba za udongo, waje kulala usiku ule. Nilimjibu kwamba vimbunga haviji Unguja, kwamba mimi nimekaa hapa miaka yote hii na sijakiona hata kimoja, na kwamba jioni tungekutana kanisani tukasali.

Akaniambia, "Kusali tutasali, Padre. Mimi nimekuja kuomba ufunguo."

Sikumpa. Nilimwambia asiwatie watu hofu. Akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Siku ya pili, Jumamosi tarehe 4, kimbunga kilifika Mafia. Sisi tulipata mvua na upepo, miti kadhaa ikaanguka, basi. Jumapili ilikuwa ile itanguliayo Kupaa kwake Bwana, siku ambayo kwa desturi yetu ya zamani twaombea mashamba na bahari. Nikapanda mimbarini kwa furaha nikamshukuru Mungu kwa kuwa ametupenda, ameuondoa mkono wa upepo juu ya kisiwa chetu. Watu wakaitika Amina. Baada ya Misa mama mmoja, ambaye dada yake ameolewa Kilindoni, alinisubiri mlangoni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Baba Padre, na wale wa Mafia, hao Mungu hakuwapenda?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale mlangoni. Barua hii ni jibu langu, nalo limechelewa.

Kwanza niliondoe lile lisilotaka maneno mengi. Walipomletea Bwana Yesu habari za watu waliokufa vibaya, na yeye mwenyewe akataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu, alikataa kabisa kwamba wao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Yamo katika Luka 13. Basi upepo ukipita kwa jirani si hukumu juu yake, na ukitukosa sisi si cheti cha wema wetu. Huko Trinidad, kisiwa cha kusini kabisa katika bahari ya Karibiani, tufani nyingi huwapita mbali, nao wana msemo wao wa mitaani kwamba Mungu ni mtu wa Trinidad. Husema kwa kucheka. Mimi Jumapili ile nilihubiri kwamba Mungu ni Mzanzibari, wala sikuwa nacheka.

Sasa turudi kwa Paulo. Wamefika mahali paitwapo Bandari Nzuri, siku za kusafiri salama zimekwisha, na Paulo anawaonya. Yeye si baharia, ni mfungwa tu, lakini amekwisha kuvunjikiwa na merikebu mara tatu, kama awaambiavyo Wakorintho katika waraka wa pili. Akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Tusiwalaumu haraka: mwenye mali alikuwa na ngano ya kuuza, na bandari yenyewe haikufaa kukaa miezi ya baridi. Tena wengi walikubaliana. Ndipo kusi ikaanza kuvuma polepole, nao wakaona kwamba mambo yamekwenda kama walivyotaka. Wakang'oa nanga.

Hapo ndipo pa kusimama. Si Eurakilo iliyowadanganya, maana Eurakilo haimdanganyi mtu, ikija imekuja. Iliyowadanganya ni kusi ya polepole. Nasi Unguja kusi yetu ya polepole imevuma zaidi ya miaka 150.

Maana si kweli nilivyomwambia mzee yule. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi ya kisiwa hiki iling'olewa, sehemu kubwa mno, mashamba yakabaki uwanja. Vyombo vilivyokuwa bandarini, pamoja na merikebu za Sultani Barghash, vilizama au vilitupwa pwani. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu moja kwamba tangu miaka ile Pemba imeishika karafuu na Unguja haikuipata tena. Mwaka uliofuata soko la watumwa lilifungwa, na siku ya Krismasi 1873 likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu letu la Mkunazini mahali pale pale. Twaambiana habari za soko kila mwaka, na ni vema. Habari za upepo tumezisahau kabisa, ijapokuwa wale waliolishuhudia jiwe lile likiwekwa bila shaka walikuwa bado wakivipita visiki njiani.

Wataalamu watuambia kwa nini vimbunga ni haba kwetu. Kimbunga chahitaji bahari yenye joto, nacho huzungushwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Karibu na mstari wa ikweta nguvu ile ya kuzungusha ni ndogo. Sisi tuko digrii 6 tu kusini ya mstari. Ni haba basi, lakini haba si kutokuwapo. Lindi iliupata wake mwaka 1952. Ngazija ilipitiwa na Kenneth mwaka 2019, Mafia Hidaya mwaka 2024. Na kadiri bahari izidivyo kupata joto, ndivyo kimbunga kipatavyo chakula zaidi. Sitaki kuwaambia kwamba kitakuja masika hii au ijayo. Sijui, na hakuna ajuaye.

Kiko kisiwa kimoja mbali sana na sisi ambacho nataka mkijue, maana kinafanana na chetu kama ndugu. Chaitwa Grenada, kiko Karibiani, digrii 12 kaskazini ya ikweta. Ni kisiwa cha viungo kama hiki. Sisi tuna karafuu, wao wana kungumanga. Wameichora hata katika bendera yao. Ni wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Afrika, na wako Waanglikana wengi kati yao. Huko kimbunga huitwa hurikani, ila ni kitu kile kile. Mwaka 1955, mwezi wa Septemba, hurikani iliyoitwa Janet iliwapiga vibaya. Kisha kukawa shwari. Kila mwaka waliona tufani zikipita kaskazini kwao, na watu wakaanza kusema kwamba kisiwa chao kiko nje ya njia. Waliopigwa na Janet wakazeeka, wakafa. Watoto wao wakajenga nyumba nzuri, zenye mabati ya kung'aa, zilizopigiliwa misumari tu.

Tarehe 7 Septemba 2004 ikaja Ivan. Ilikuwa miaka 49 tangu Janet. Watu 39 walikufa. Nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika. Nyumba ya Waziri Mkuu ilikwenda, jengo la Bunge lilikwenda paa, shule karibu zote ziliharibika, na kanisa la Kianglikana la Mtakatifu George mjini, lililojengwa mwaka 1825, liliezuliwa, likakaa miaka mingi magofu kabla ya kutengenezwa. Kungumanga, ambayo kabla ya siku ile walikuwa wa pili duniani kwa kuiuza baada ya Indonesia, iling'olewa mlima kwa mlima. Na mti ule, kama mkarafuu, hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka sitini alitazama shamba lake lililolala chini, akajua kwamba akipanda leo, atakayechuma ni mwanawe.

Miaka 49! Yatosha mjukuu kujenga nyumba ambayo babu yake asingethubutu kulala ndani yake. Sisi yetu ni zaidi ya mia na hamsini.

Mtaniuliza, basi Padre, tufanyeje? Upepo ni wa Mungu. Naam. Na hapa ndipo sura yetu ilipo na jambo ambalo nililisoma mara nyingi bila kuliona. Katikati ya tufani malaika alisimama karibu na Paulo, akamwahidi kwamba hakuna hata mmoja chomboni atakayepotea. Ahadi ni kamili, haina sharti. Paulo aliiamini, akawatangazia watu wote. Lakini siku chache baadaye mabaharia walipotaka kutoroka na mashua usiku, Paulo huyo huyo akamwambia akida kwamba hawa wasipokaa merikebuni, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wakazikata kamba za mashua.

Ni vipi? Kama Mungu amekwisha kuahidi, mabaharia ni wa nini? Wako Wakristo ambao wangemkemea Paulo kwa kupungukiwa na imani. Mimi mwenyewe ningemwambia asiwatie watu hofu. Lakini Paulo hakuona kupingana kokote. Aliijua ahadi ya Mungu, na alijua pia kwamba Mungu atawapitisha salama kwa mikono ya watu wajuao kushika usukani. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuizungushia merikebu kamba chini yake na kuikaza ili isipasuke. Walitupa shehena. Walipima kina, pima ishirini, kisha kumi na tano, wakatupa nanga nne na kuomba kupambazuke. Angalieni: nanga nne, na kuomba. Mzee wangu na ufunguo wake alikuwa ameisoma Matendo kuliko mimi.

Kamba zile za kuikaza merikebu zanikumbusha mapaa. Nimezungumza na mafundi wetu juu ya jambo hili, nami nawapa nilichojifunza, maana kuhubiri juu ya nyumba ya mwamba ni rahisi kuliko kujua nyumba hushikwa na nini.

Sisi hudhani upepo huangusha paa kwa kulisukuma. Mara nyingi sivyo. Upepo mkali upitao juu ya paa hulivuta kwenda juu, kama unavyovuta tanga, na ule uingiao kwa mlango au dirisha lililovunjika hulisukuma kutoka ndani. Paa hung'oka kwa kupaa. Likisha kwenda, kuta hazina wa kuzishika tena kichwani, nazo huanguka juu ya walio ndani. Sasa tazameni nyumba zetu. Bati limepigiliwa kwenye papi kwa misumari michache, papi kwenye kenchi kwa msumari mmoja, na kenchi imekalishwa juu ya ukuta kwa uzito wake tu. Kila kiungo kimefanywa kwa kudhani kwamba mzigo utashuka chini, kama mvua. Hakuna kinachozuia kwenda juu.

Dawa yake si ghali. Ni ukanda wa chuma unaoifunga papi kwenye kenchi, na mwingine unaoifunga kenchi kwenye linta, na nondo zinazoifunga linta mpaka chini kwenye msingi. Yaani nyumba yote imefungwa mnyororo mmoja, kama merikebu ile. Papi ziwekwe karibu karibu, hasa pembeni na kwenye kigongo, maana hapo upepo hushika kwanza. Upenu usiwe mrefu. Baraza iwe na paa lake peke yake, ili ikienda iende yenyewe. Paa la miteremko minne hustahimili kuliko la miteremko miwili, jambo ambalo wazee wetu waliokuwa wakiezeka kwa makuti walilifanya siku zote. Makuti yenyewe yakiruka hayamkati mtu kichwa. Sisemi turudi kwenye makuti, ila tuache kuwacheka wazee.

Huko Grenada baada ya Ivan walianza kutilia mkazo mambo haya, na mengine. Mwaka 2007 serikali za visiwa vya Karibiani zilianzisha mfuko wa bima wa pamoja. Kila nchi huchanga kila mwaka, na ile inayopigwa hulipwa haraka. Akina mama wa Umoja wataelewa upesi: ni upatu, ila zamu haipigiwi kura, huichagua upepo. Tena walipatana na baadhi ya wanaowadai kwamba mwaka wa hurikani malipo ya deni yasimame. Tarehe 1 Julai 2024 hurikani Beryl ilikipiga kisiwa chao kidogo cha Carriacou, ikaharibu karibu kila jengo lililokuwapo. Msiba mkubwa, na mapaa mengi bado yalikuwa ya misumari. Lakini watu walikuwa wameonywa na wakasikia, waliokufa walikuwa wachache, mfuko ukawalipa dola zaidi ya milioni 40, na deni likasimama kama walivyopatana. Hawakushinda upepo. Walipata pa kuanzia.

Niseme kidogo juu ya maji, maana kwetu yatatufikia mara nyingi kuliko upepo. Wengi katika tufani huuawa na maji: bahari inayoinuka na mvua isiyokuwa na pa kwenda. Mungu ametupa kuta mbili ambazo hatukuzijenga. Ya kwanza ni miamba ya matumbawe, ambako mawimbi huvunjika nje kabla ya kufika ufukweni. Ya pili ni mikoko. Huko Carriacou mabaharia hukimbiza vyombo vyao ndani ya mikoko ya Tyrrel Bay kila wakisikia hurikani, na ijapokuwa Beryl iliharibu vingi hata humo ndani, hakuna aliyeona ni afadhali kubaki nje. Sisi tunaikata ya kwetu kwa boriti na makaa, kisha kule Kisiwa Panza, Pemba, watu wanatazama maji ya chumvi yakiingia katika mashamba ya mpunga. Na mchanga wa ufukweni tunauchota kwa magari kujenga nyumba ambazo mchanga ule ule ulikuwa ukizilinda.

Hali kadhalika mjini. Kila siku twapita Darajani kununua samaki, wala hatujiulizi daraja liko wapi. Lilikuwapo. Hori la bahari lilipita pale, likautenga Mji Mkongwe na ng'ambo, na ng'ambo ya nini, kama si ya maji? Baadaye likajazwa. Majina yamekumbuka kile tulichokifukia. Kabla ya kununua kiwanja muulize bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote mtaa ule mahali hapo huitwaje na kwa nini. Akikuambia bwawani, bondeni au mtoni, usimwone mjinga kwa sababu kiangazi pamekauka. Ile ni kusi inavuma polepole.

Nimalizie sura. Merikebu ilivunjika, na watu 276 wakafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Mvua inanyesha, baridi kali. Watu wa kisiwa kile cha Melita hawakuwa Wakristo. Hawakuwajua wageni hawa, na miongoni mwao walikuwamo wafungwa. Wakawasha moto, wakawakaribisha wote. Publio, mkubwa wa kisiwa, akawapokea kwake siku tatu. Na Mtume mkuu Paulo, aliyetumiwa malaika usiku, alikwenda kuokota kuni.

Mwezi wa Desemba 2024, tarehe 14, kimbunga Chido kiliipiga Mayotte, kisiwa kimoja cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa. Huko wako maelfu kwa maelfu wakaao katika vibanda vya mabati milimani, wengi wametoka Komoro bila hati. Tangazo lilitolewa na mahali pa kukimbilia palifunguliwa. Lakini wengi hawakwenda, na wako waliosema baadaye kwamba walidhani ni mtego wa kuwakamata. Wakabaki vibandani. Vibanda havikubaki.

Nalifikiri sana jambo hili. Onyo lilikuwapo na mlango ulikuwa wazi, ila mtu hakuamini kwamba mlango ule ni wake. Basi nawauliza: ukumbi wetu ukifunguliwa usiku wa mvua, ni nani katika bonde lile atakayesema kwamba si wake? Jirani zetu wengi ni Waislamu. Wataona haya kuja kulala nyumba ya kanisa, tusipokwenda kuwaambia sasa, kiangazi hiki, mlango kwa mlango, tena kwa kushauriana na shehe wao. Yuko mama aliyeacha kuja Misa kwa sababu ya deni la mchango. Yuko kijana tuliyemsimamisha ushirika. Hawa watakuja? Watu wa Melita hawakumwuliza Paulo ana barua ya nani.

Basi haya ndiyo niliyoyapeleka mbele ya Baraza la Mtaa. Fundi amepanda ukumbini, ameutazama. Paa lina miteremko miwili, upande mmoja umeelekea uwanja mtupu, na kenchi hazikufungwa ukutani hata moja. Yaani ningempa mzee ufunguo siku ile, na upepo ungekuja kama ulivyotazamiwa, huenda ningewakusanya watu mahali pa kuuawa. Hilo nalo limenikosesha usingizi. Tulikuwa na fedha zilizochangwa kwa ajili ya vipaza sauti vya kanisa. Nimeomba zigeuzwe, zinunue kanda za chuma, mbao za papi na komeo za madirisha. Najua wako waliochanga kwa moyo kwa ajili ya vipaza sauti, na mmoja ameniambia usoni kwamba mimi naogopa upepo kuliko Mungu. Sikumkasirikia, maana ni maneno yangu mwenyewe ya Mei 2024 yamenirudia. Baraza litapiga kura Jumapili ya Mitende baada ya Misa ya pili. Kila aliyechanga ana haki ya kuja na kusema, na nitakubali litakaloamuliwa.

Yasiyohitaji kura yameanza. Vijana wameandika majina ya wazee na wagonjwa wasioweza kutembea, na kila mmoja amepewa watu wawili wa kumbeba. Mwenye redio yenye betri nzuri atusikilizie taarifa ya hali ya hewa kila jioni ya masika. Tukionywa na upepo usije, tutakwenda ukumbini tena mara ya pili, na ya tatu, wala mtu asimcheke aliyelala huko bure. Miche ya mikoko tutaipanda pamoja na wanakijiji wa pwani, siku watakayotupangia wao, kwa kuwa wao ndio waijuao.

Ufunguo wa ukumbi umechongwa wa pili. Anao mzee yule, hana haja ya kuja kuniomba.

Jumamosi, kwa jinsi kura itakavyokuwa, tutapanda juu kupigilia mabati yaliyolegea, maana misumari tunayo. Ngazi ya kanisa ni fupi. Mwenye ngazi ndefu amwone katekista kabla ya Ijumaa.

Ndimi ndugu yenu katika Kristo,

Padre wa Mtaa